Sirari hadi Mtambaswala, Kupitia Bariadi

Juzi usiku tulitandaza ramani ya Tanzania kwenye meza ya chakula, tukaikandamiza pembe kwa vikombe vya chai ili isijikunje. Mwanangu mkubwa, wa darasa la sita, alichukua uzi wa kushonea akaulaza juu ya barabara kuanzia Sirari, mpakani na Kenya. Aliufuatisha kona baada ya kona: Musoma pembeni, Bunda, Lamadi, Bariadi, Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam, Lindi, Masasi, hadi Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mpakani na Msumbiji. Kisha akaunyoosha kwenye kipimo cha ramani. Zilitoka karibu kilomita 2,000.

Hiyo ndiyo safari tunayoipanga kwa likizo ya katikati ya mwaka, pamba ikishauzwa na kiangazi kikishashika. Mpaka hadi mpaka, kaskazini hadi kusini, bila kuiacha lami.

Watu wengi wakisema wanataka kuizunguka nchi kwa gari, huhesabu kuanzia Dar es Salaam, kana kwamba barabara zote huzaliwa huko. Mimi naishi Bariadi, na kadiri nilivyosoma na kuuliza wakati wa kuipanga safari hii ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba mkoa wetu wa Simiyu ni mlango bora wa kuanzia. Hapa ndipo vitu vingi vikubwa kuliko vyote, virefu kuliko vyote na vya kwanza kuliko vyote vinapokutana na barabara. Nimeviokota kimoja kimoja. Baadhi viko njiani mwetu, vingine viko mbali sana, lakini kila kimoja kimebadilisha kitu katika mipango yetu.

Ziwa kubwa kuliko yote Afrika

Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kilomita 71.8. Unapita Nyakabindi, kwenye viwanja vya Nanenane, unapita Dutwa, kisha nchi inaanza kuinama taratibu kuelekea magharibi. Kabla hujaliona ziwa, pua inakutangulia: harufu ya dagaa walioanikwa. Hapo ni wilaya ya Busega, na maji yale ni ya Ghuba ya Speke, mkono wa Ziwa Victoria. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, kubwa kuliko ziwa lolote barani, na uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiandika kwenye daftari la safari. Tukianzia kwenye ziwa hili na kuishia Pwani, tutakuwa tumeshuka zaidi ya mita elfu moja, lakini si kwa mteremko mmoja. Barabara inapanda tena hadi nyanda za Singida, inashuka, inapanda vilima vya Gairo, ndipo inateremka Morogoro na kulikuta joto. Watoto wanatakiwa wabebe sweta na fulana kwenye begi moja.

Ukivuka Lamadi kidogo kuelekea Bunda, upande wa kulia kuna Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Serengeti ni nyumba ya mojawapo ya mihamo mikubwa zaidi ya wanyama wa nchi kavu duniani: nyumbu zaidi ya milioni moja, na pundamilia kwa malaki. Ukanda wa magharibi wa hifadhi unafika karibu kabisa na barabara kuu, na kuna siku abiria wa basi la Mwanza huwaona nyumbu na pundamilia dirishani bila kulipa hata shilingi. Nimeshawaona. Basi zima lilinyamaza, hata mtoto aliyekuwa akilia tangu Magu.

Njia ya mkato iliyotuweka kwenye ramani

Zamani mtu wa Shinyanga aliyekwenda Musoma kwa lami ilimlazimu kuzunguka Mwanza. Kupitia kwetu kulikuwa na vumbi kiangazi na tope masika. Leo kuna mkeka kutoka Mwigumbi hadi Lamadi, uliojengwa kwa vipande vitatu: Mwigumbi–Maswa kilomita 50.3, Maswa–Bariadi 49.7 na Bariadi–Lamadi 71.8. Jumla ni kilomita 171.8. Si rekodi ya dunia. Lakini katika mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, sioni kitu kingine kilichobadilisha maisha haraka namna hiyo. Mkoa huu unaongoza kwa pamba nchini, na pamba ni mzigo mwepesi wenye kiburi: unajaza lori hadi juu, unatanuka pembeni, na lori likizama kwenye tope halichomoki leo.

Anayeandaa safari ndefu aijue ardhi yetu. Wasukuma tunaupa udongo majina kwa jinsi unavyolimika na kupitika: luseni ni mchanga mwepesi wa juu, mbuga ni udongo mweusi wa bondeni. Mbuga ikikauka inapasuka nyufa za kuingiza mguu. Ikinyeshewa inavimba na kunata kama ugali ambao haujaiva, inajaa kwenye tairi mpaka gurudumu linageuka donge lisilozunguka. Ukiwa juu ya lami hulioni hilo. Ukikata kona kwenda vijijini mwezi wa Aprili utalijua kabla ya kilomita ya kwanza kuisha. Ndiyo sababu tumechagua kiangazi.

Matembezi makubwa kuliko yote kwenye barabara ya Mwanza

Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio hilo. Zilikuwa takriban kilomita 220, na alizimaliza kwa siku nane.

Nimekuwa nikiifikiria safari hiyo kila tunapozungumzia kuondoka. Rais wa nchi, jua la ziwa, vumbi, siku nane. Kipande chetu cha Bunda hadi Lamadi tutakipita kwa gari kwa muda usiozidi saa moja, viyoyozi vikifanya kazi. Nimewaambia watoto tutasimama mahali fulani hapo katikati, tuzime gari, tutembee kilomita moja tu kando ya barabara kabla ya kuendelea.

Barabara maarufu kuliko zote ambayo haikujengwa

Mtu wa Bariadi anayekwenda Arusha ana uamuzi mgumu. Arusha iko mashariki yetu, ng'ambo ya Serengeti. Ukiikata hifadhi unafupisha njia, lakini unalipa viingilio vya Serengeti na vya Ngorongoro, mwendo wa hifadhini hauzidi kilomita 50 kwa saa, na lazima uyawahi malango kabla hayajafungwa jioni. Ukizunguka kusini, kupitia Shinyanga, Singida, Katesh chini ya Mlima Hanang na Babati, unakanyaga lami mwanzo mwisho, ila unaongeza mamia ya kilomita.

Mwaka 2010 ulipozuka mpango wa kujenga barabara kuu kukatiza kaskazini ya Serengeti, dunia nzima iliingilia. Shauri lilifika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha, na Juni 2014 mahakama ikazuia kujengwa kwa barabara ya lami ndani ya hifadhi. Nijuavyo, hakuna barabara nyingine Afrika Mashariki iliyozungumzwa hivyo bila kuwekwa hata kokoto moja. Mimi ni mtu wa huku, najua uchungu wa kuzunguka, na bado nasema mahakama ilitenda haki. Nyumbu hawana njia ya kuzunguka.

Wa kwanza kuivuka Afrika kwa gari alianzia Dar es Salaam

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu habari hii haisimuliwi inavyostahili.

Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari aina ya Gaggenau lenye nguvu za farasi 35. Alikusudia kufika pwani ya Atlantiki. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Siku 630. Ndiye mtu wa kwanza kulivuka bara la Afrika kwa gari, mashariki hadi magharibi, na safari hiyo ilianzia kwenye ardhi yetu.

Tafakari maandalizi yake. Hakukuwa na sheli hata moja njiani. Hakukuwa na fundi wa magari katika nchi ambayo gari lenyewe lilikuwa muujiza. Petroli ilibidi itangulie kabla ya gari, na gari lilipoharibika, kipuri kilisubiriwa kwa meli kutoka Ulaya. Madaraja hayakuwapo. Kila mto ulikuwa kazi ya kamba, magogo na mabega ya watu, na mabega hayo yalikuwa ya Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa kwenye rekodi yoyote. Ningependa siku moja mtu ayatafute majina hayo.

Miaka 19 kabla yake, Agosti 1888, mwanamke Mjerumani, Bertha Benz, alilichukua gari la mumewe bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akaenda kumsalimia mama yake kutoka Mannheim hadi Pforzheim. Ni kilomita kama 106, yaani Bariadi hadi Mwigumbi na kidogo zaidi. Hiyo inahesabiwa kuwa safari ya kwanza ndefu ya gari duniani. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipoisha makali, fundi viatu alizigongelea ngozi. Katika orodha yetu ya vifaa nimeandika waya, gundi, kamba na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na pembeni nikaandika jina lake.

Marekani, mwaka 1903, daktari Horatio Nelson Jackson alibishania dola 50 kwamba angeweza kuivuka nchi ile kwa gari, San Francisco hadi New York. Alisafiri na fundi wake, Sewall Crocker, na mbwa aliyeitwa Bud. Zilikuwa siku 63. Kilichonigusa ni kwamba alimchukua fundi, hakumchukua rafiki wa kupiga naye soga.

Na wa Cape hadi Cairo? Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella waliondoka Cape Town Septemba 1924 na malori mawili ya Crossley, wakaingia Cairo Januari 1926. Miezi 16. Mvua za kusini ziliwakamata mwanzoni kabisa, wakawa wanasogea kwa hatua, wakitandika miti chini ya magurudumu. Leo njia hiyo ya Cape hadi Cairo inahesabiwa kuwa ya kilomita 10,228 katika mtandao wa barabara kuu za Afrika, na kipande chake cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa kikiwa lami mwaka 2018. Uzi wa mwanangu unakutana nacho Dodoma.

Mbio zilizomalizwa na wachache sana

Kwa kizazi cha baba yangu, neno rali lilikuwa na maana moja tu: Safari. Ilianza mwaka 1953, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilifanyika Pasaka, yaani masika yenyewe. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyorudi ni saba. Mwaka 1968 wakamaliza tena saba tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, katika Peugeot 404.

Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ushindi wa kwanza aliupata na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo lililokwisha kukimbia rali ya mwaka uliotangulia. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: 1973 kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Peugeot 404 na Volvo la mkono wa pili. Tulipokuwa tukijadiliana kama gari letu la miaka 14 linafaa kwa safari hii, nilitoa mifano hiyo miwili, na mjadala ukaisha.

Kwa mzee wa malori

Mtaani kwetu kuna mzee aliyeendesha malori ya pamba na baadaye matela kwa zaidi ya miaka 30. Nilimpelekea gari Jumamosi asubuhi. Nilimsalimu "Mwangaluka, baba," akaitikia bila kuniangalia, macho yakiwa tayari kwenye matairi. Hakuomba spana wala jeki. Alipitisha kiganja juu ya kila tairi, kutoka nje kwenda ndani, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe anayetaka kumnunua. Kwenye tairi la mbele kushoto alisimama.

"Mwanangu, weka mkono hapa."

Niliweka. Upande wa ndani ulikuwa laini kama bakuli, upande wa nje ulikuwa bado na meno.

"Hili linakula upande mmoja. Ukifika Manyoni litakuwa limekwisha. Usibadilishe tairi kwanza, karekebishe magurudumu yanyooke, ndipo ununue tairi."

Kisha akauliza spea iko wapi. Tulitoa mabegi na mazulia, tukaifikia. Aliibonyeza kwa dole gumba, ikabonyea. Haikuwa na upepo, na mimi sikuigusa tangu nilinunue gari. Aliniambia lori lake liliwahi kulala siku mbili kwenye mbuga ya Wembere kwa kosa hilo hilo, mvua ikinyesha, na mzigo wa watu mgongoni.

Tukakaa chini ya mwembe akanihesabia njia. Alinipa mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote: wapi upepo wa ubavuni unalisukuma gari, wapi jua la jioni linakupiga usoni, wapi ng'ombe huvushwa saa kumi jioni. Aliniambia nijaze tanki Shinyanga na nisisubiri taa iwake, nichimbe dawa mahali peupe na si kwenye kona, na nisiovateki tela mlimani hata dereva wake akinionyesha indiketa. "Anaiona barabara yake," alisema, "yako haioni."

Mlima wenye jina kubwa kuliko urefu wake

Kati ya Igunga na Singida, ukishaikata mbuga ya Wembere, unasimama Sekenke. Kwa mita si lolote mbele ya Kilimanjaro na mita zake 5,895. Kwa hofu, kwa muda mrefu madereva waliuogopa kuliko milima yote ya kanda hii. Lami imeupunguza makali, lakini malori bado yanaupanda kwa gia ndogo, utingo akitembea nyuma na gogo mkononi tayari kuzuia gurudumu, na yanayoshuka yananuka breki.

Sekenke ina rekodi nyingine chini ya ardhi. Ni miongoni mwa migodi ya mwanzo kabisa ya dhahabu nchini, ya zama za Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo, vita vikiwa vimewafungia Wajerumani bandari. Tutasimama juu, gari lipoe, niwasimulie watoto habari hiyo wakiwa wanauona mteremko kwa macho yao.

Madaraja

Daraja refu kuliko yote Afrika Mashariki haliko kwenye uzi wetu, lakini liko jirani: Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, lililozinduliwa Juni 19, 2025. Waliolala kwenye foleni ya kivuko wakiwa na mgonjwa garini hawahitaji kuambiwa maana yake. Anayetoka Simiyu kwenda Geita, Bukoba au Rusumo siku hizi anavuka kwa dakika chache.

Rekodi hiyo iliwahi kushikwa na la Mkapa, juu ya Mto Rufiji, lenye mita 970, lililofunguliwa Agosti 2003. Hilo tutalipita. Kabla yake watu wa Lindi na Mtwara walikuwa kama wanaishi kisiwani, na masika iliwafungia kabisa. Hata sasa njia ya kusini haijasalimika: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, na magari yakakwama siku kadhaa pande zote mbili. Kwa hiyo kusini ya Dar es Salaam tumeacha siku moja tupu kwenye ratiba, na maji ya kunywa ya kutosha usiku mmoja barabarani.

Mwisho kabisa ni Daraja la Umoja, mita 720 juu ya Mto Ruvuma, lililofunguliwa Mei 2010 na marais Kikwete na Guebuza. Kulifikia unaiacha Masasi, unapita Mangaka, halafu kilomita 65 hivi za mkeka mtupu na msitu hadi mpakani.

Waliokwenda mbali kuliko wote

Kwa wanaodhani kilomita 2,000 ni nyingi: Emil na Liliana Schmid, mume na mke Waswisi, waliondoka mwaka 1984 na Toyota Land Cruiser na wamepita nchi na maeneo zaidi ya 180, zaidi ya kilomita 700,000. Mjerumani Gunther Holtorf aliendesha Mercedes moja, aliyoipa jina Otto, kwa miaka 26, karibu kilomita 900,000, sehemu kubwa akiwa na mkewe Christine, hadi mke huyo alipofariki mwaka 2010. Irv Gordon wa Marekani aliendesha Volvo yake ya mwaka 1966 zaidi ya kilomita milioni 4.8, na siri aliyoitoa kila alipoulizwa ilikuwa kulihudumia gari kwa wakati wake.

Barabara ndefu kuliko zote inayotajwa ni ile ya mabara ya Amerika, kama kilomita 30,000 kutoka Alaska hadi kusini mwa Ajentina, iliyokatika mahali pamoja tu, kwenye msitu wa Darién kati ya Panama na Kolombia. Australia ina Barabara Kuu Namba 1, inayoizunguka nchi kwa takriban kilomita 14,500. Nimeyasoma hayo kwa heshima, kisha nikarudi kwenye uzi wetu.

Rekodi ambayo hatuitaki

Kila nikisema "Bariadi hadi Dar" kuna mtu ananiambia anakwenda kwa saa kumi. Nimeikokotoa. Ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia. Chukua robo yake tu kuwa ni vijiji na miji ya kilomita 50 kwa saa, halafu iliyobaki uende kwa 80, mwendo wa juu wa basi. Saa tano na nusu kwa robo ile, saa kumi na dakika ishirini kwa iliyobaki. Karibu saa 16, na hapo hujanywa chai, hujasimamishwa na trafiki mwenye tochi, hujapanga foleni nyuma ya matela ya Morogoro, hujachimba dawa, na rasta na matuta hujayahesabu. Anayesema saa kumi anakiri kwamba alivipita vijiji kwa mwendo wa kuua mtoto wa mtu.

Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya miaka mingi ya katazo. Sisi usiku hatutaendesha. Fuso lisilo na taa ya nyuma, baiskeli, punda, ng'ombe aliyelala kwenye lami kwa sababu ina joto: hivyo vyote huvioni hadi viwe mbele ya bampa. Saa kumi na mbili jioni gari linazimwa, popote tulipo penye kitanda.

Hivyo ratiba imekuwa ya siku sita, ukiacha ile moja tupu. Bariadi hadi Singida, chini ya kilomita 450, tuwahi kuku wa kienyeji wa jioni. Singida hadi Morogoro, tukipita Manyoni, Dodoma na soko la mahindi la Kibaigwa. Morogoro hadi Dar es Salaam tuendeshe asubuhi tu, mchana watoto waione bahari. Dar hadi Lindi. Lindi hadi Mtambaswala.

Ukihesabu vizuri utaona hizo ni siku tano. Ya sita ndiyo ya kwanza. Ili safari iwe mpaka hadi mpaka kweli, lazima kwanza tuende kaskazini, tufike Sirari, tuguse pale magari ya Kenya yanapogongewa mihuri, tugeuze. Kisha tutarudi kwa barabara ile ile hadi Lamadi, tukate kushoto, na jioni hiyo ya kwanza ya safari ndefu kuliko zote maishani mwetu tutalala Bariadi, nyumbani, kwenye vitanda vyetu.

Mwanangu mdogo amekataa. Anasema ukilala nyumbani hujasafiri. Mama mkwe wangu amemwahidi kwamba usiku huo atakuja kumwamsha yeye mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, amletee mfuko wa viazi vitamu vikavu, michembe na matobolwa, wa kula hadi Singida, na amuage upya kama mgeni. Amekubali kwa sharti kwamba begi lake lilale garini.

Spea imejazwa upepo. Magurudumu yamenyooshwa. Uzi bado uko mezani, umebanwa na kikombe kimoja upande wa Sirari na kingine upande wa Ruvuma.